Mwanafunzi Mtunzi: Historia ya Wimbo wa Darasani na Suala la Lugha

Utangulizi

Historia ya muziki katika shule za Afrika imeandikwa zaidi kwa kuangalia ala, noti na mashindano. Upande wa lugha umeachwa nyuma, kana kwamba maneno ya wimbo ni nguo tu ambayo sauti huvishwa na kuvuliwa. Ilhali kila mwanafunzi anayeambiwa na mwalimu wake atunge wimbo wake mwenyewe hukabiliwa na swali la kiisimu kabla ya kukabiliwa na la kimuziki. Maneno haya yana mkazo wapi? Yana toni gani? Na je, sauti inayokusudiwa itayaacha yabaki na maana yake?

Makala haya yanakusudia kufuatilia jinsi swali hilo lilivyozuka na lilivyojibiwa, tangu shule za misheni za karne ya kumi na tisa hadi mitaala ya siku hizi, hasa katika Afrika ya Mashariki. Hoja yenyewe ni kwamba mwanafunzi hakufikia utunzi kwa hatua moja. Kwanza alikuwa mwimbaji wa nyimbo za wageni. Kisha akawa mwimbaji wa nyimbo za mwalimu wake. Baadaye akageuka kuwa chemchemi ya sauti zilizoandikwa kwa mikono ya wengine. Mwishowe ndipo alipotambuliwa kuwa ni mtunzi. Katika kila hatua mambo mawili yameshindaniwa: lugha ya wimbo, na jina la mwenye wimbo.

Yafaa isisahauliwe kwamba utunzi wa vijana haukuanza na shule. Katika michezo ya mbalamwezi, katika jando na unyago, na katika malisho ya mifugo, watoto walibuni nyimbo, wakabadili maneno ya nyimbo za wakubwa, na wakatungiana za mizaha. Jambo ambalo shule ililileta si utunzi, bali ni maandishi ya sauti, saa maalumu ya somo, na mtu mwenye mamlaka ya kusema kuwa wimbo huu ni sahihi na ule si sahihi.

Nyimbo zilizokuja na vipimo vyake

Wamisionari walipojenga kituo chao Rabai mnamo 1846, na baadaye makao ya watumwa waliokombolewa yalipoanzishwa Freretown karibu na Mombasa mwaka wa 1875, uimbaji ulikuwa sehemu ya mafundisho tangu mwanzo. Unguja nako, ambako misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza ilihamia mwaka wa 1864, Askofu Edward Steere alishughulikia sarufi, tafsiri na nyimbo za ibada kwa pamoja. Hivyo wimbo wa kwanza wa darasani katika Kiswahili ulikuwa tafsiri. Sauti ilikuwa imekwisha kupangwa Ulaya, na maneno ya Kiswahili yakatakiwa yaingie ndani yake.

Ugumu uliotokea waweza kuelezwa kwa hesabu tu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, isipokuwa katika maneno machache. Kwa sababu hiyo, mstari wowote wa silabi nane uishao kwa neno la silabi mbili au zaidi una mkazo katika silabi ya saba, na silabi ya nane ni nyepesi. Sasa, kipimo kilichopendwa mno katika nyimbo za kanisa za Kiingereza kina mistari ya silabi nane na sita kwa zamu, na mapigo mazito huangukia silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Mstari wa Kiswahili ukitiwa humo, pigo zito la mwisho huangukia silabi nyepesi, na silabi yenye mkazo huachwa kwenye pigo hafifu. Mstari wa silabi sita nao hupatwa na kasoro iyo hiyo. Ukija mstari wa silabi saba wenye mapigo katika ya pili, ya nne na ya sita, mambo huwa sawa, maana silabi ya sita ndiyo yenye mkazo. Vivyo hivyo mstari wa silabi nane uanzao kwa pigo zito hukaa vizuri, kwa kuwa pigo la nne huangukia silabi ya saba.

Kwa hiyo kasoro ya tafsiri nyingi haikutokana na uhaba wa msamiati wala udhaifu wa watafsiri. Ilitokana na vipimo viwili visivyolingana. Mtu aweza kusema kwamba msikilizaji huzoea, na kweli waumini wamezoea. Lakini lugha yenyewe ina ushahidi wa hatari iliyopo. Neno "barabara" likikazwa kwenye silabi ya tatu ni njia. Likikazwa kwenye silabi ya pili lina maana ya sawasawa, bila kasoro. Sauti ikihamisha mkazo, imehamisha neno.

Katika lugha za toni madhara ni makubwa zaidi. Kiswahili kimepoteza toni za kimsamiati ambazo jamaa zake wengi wa Kibantu wanazo. Wasemaji wa Kikuyu, Kikamba au Kiganda wangali nazo, na Kijaluo, kilicho nje ya jamii ya Kibantu, nacho ni lugha ya toni. Mfano unaotajwa mara nyingi na wanaisimu ni wa Kiyoruba, ambamo umbo moja la konsonanti na irabu, likibadilishwa toni tu, laweza kumaanisha mume, jembe, au chombo cha kusafiria. Sauti ya Ulaya ikipanda mahali ambapo neno linashuka, mwimbaji hutamka neno jingine, au hutamka kitu kisicho neno kabisa. Na ikiwa wimbo una beti nne kwa sauti moja, basi hata ubeti wa kwanza ukipatana na sauti hiyo, tatu zilizosalia hazina dhamana.

Solfa na mwalimu mtunzi

Hatua ya pili ilifunguliwa na chombo cha kufundishia. Mchungaji wa Uingereza John Curwen (1816-1880), akitegemea kazi ya awali ya Sarah Glover wa Norwich, alieneza mtindo wa solfa ambao huandika sauti kwa herufi za kawaida. Faida yake kwa shule za misheni ilikuwa kubwa. Solfa yaweza kupigwa chapa kwa mashine yoyote ya kuchapia vitabu, yaweza kuandikwa ubaoni kwa chokaa, na haihitaji kinanda. Mwalimu mwenye sauti nzuri na kipande cha chaki alitosha.

Chombo hicho kilichokusudiwa kufundishia nyimbo za wageni kilitumiwa haraka kuandikia nyimbo za wenyeji. Kusini mwa Afrika, John Knox Bokwe (1855-1922), aliyelelewa na kusomeshwa katika Lovedale, alitoa mwaka wa 1885 mkusanyo wa nyimbo uitwao Amaculo ase Lovedale. Mwaka wa 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Nyimbo zake aliziandika kwa solfa, na nyingi zilikuwa za kuimbwa na wanafunzi wake. Wimbo huo wa darasani ulipewa beti zaidi na mshairi Samuel Mqhayi mwaka wa 1927, na sauti yake ndiyo iliyochukuliwa na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961, ikavishwa maneno ya Kiswahili. Wimbo wa taifa la Tanzania, kwa hivyo, asili yake ya sauti ni somo la muziki la shule ya msingi.

Hata hivyo, mwalimu aliyeliona suala la lugha kwa uwazi zaidi alikuwa Ephraim Amu (1899-1995) wa Ghana. Alipofundisha katika chuo cha ualimu cha Akropong kuanzia 1926, alianza kutunga nyimbo ambazo sauti zake hufuata mpando na mshuko wa maneno ya Kitwi na Kiewe. Kwake haikuwa halali wimbo uharibu usemi. Msimamo huo haukuishia katika noti. Amu alivaa nguo za Kiafrika hata mimbarani na kutaka ala za Kiafrika zitumike katika ibada, na mwaka wa 1933 aliondolewa chuoni hapo. Alipokelewa katika chuo cha Achimota, na nyimbo zake zikaendelea kuimbwa na vizazi vya wanafunzi. J. H. Kwabena Nketia, aliyesoma Akropong baada ya Amu kuondoka, alizikuta nyimbo hizo na mwelekeo huo, akaja kuwa miongoni mwa wataalamu wakuu wa muziki wa Afrika.

Kisa cha Amu chaonyesha kwamba kuifuata toni ya lugha ya mwanafunzi hakukuwa jambo la ufundi pekee. Kulikuwa ni kudai kwamba lugha hiyo ina sheria zake, na kwamba muziki wa shule lazima uzitii. Lakini hata hapo mtunzi alikuwa mwalimu. Mwanafunzi alipewa wimbo uliomfaa, hakuutoa.

Wanafunzi kama chemchemi

Hatua ya tatu ilijitokeza katika miaka ya 1950 na 1960, nayo ni hatua yenye utata. Kamina, katika Katanga, padre Mbelgiji Guido Haazen aliunda kwaya ya wavulana wa shule na walimu wao. Kutokana na kwaya hiyo ilizaliwa Missa Luba, iliyoimbwa mara ya kwanza katika ibada mwaka wa 1958. Maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini sauti zilitoka katika mitindo ya nyimbo za wenyeji, na sehemu kubwa ilibuniwa na waimbaji papo kwa papo. Rekodi zake zilienea Ulaya na Marekani. Kwa miaka mingi sifa ya kazi hiyo imetajwa kwa jina la padre, na waimbaji wametajwa kwa jumla kama kundi. Wachunguzi wa baadaye wamerudi kuuliza sehemu ya walimu na wanafunzi katika utunzi huo ilikuwa kiasi gani. Swali ni la haki, wala jibu lake si rahisi. Aliyepanga, aliyeongoza na aliyeandika alikuwa mmoja. Waliotoa sauti walikuwa wengi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya liturujia la Desemba 1963, ulitaka mapokeo ya muziki ya watu wa nchi za misheni yapewe heshima. Mwaka huo huo padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha utafiti juu ya sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa upande wa Walutheri, Howard Olson, mwalimu katika chuo cha theolojia cha Makumira karibu na Arusha, alikusanya sauti za makabila mbalimbali kwa msaada wa wanafunzi wake, nazo zikatiwa maneno ya Kiswahili na kutolewa katika kitabu Tumshangilie Mungu.

Hapa msomaji wa isimu apaswa kusimama kidogo. Sauti iliyozaliwa katika lugha moja ya Kibantu ikipewa maneno ya Kiswahili yaweza kukubali, maana Kiswahili hakina toni ya kuvunjwa. Kinachodaiwa ni mkazo tu. Kwa hiyo Kiswahili kilifaa kuwa lugha ya kukutania sauti za makabila mengi. Faida hiyo ya kifonolojia haijapewa uzito wa kutosha katika maelezo ya kuenea kwa Kiswahili kupitia kwaya. Hata hivyo kuna hasara pia. Sauti ikiachana na maneno yake ya kwanza, huachana na sababu ya mipando na mishuko yake.

Tanzania ilikuwa na njia nyingine tena ya kumfanya mwanafunzi kuwa mtunzi, nayo ilipitia ushairi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera za Mathias Mnyampala (1917-1969) zilienea mashuleni. Wanafunzi walizikariri na kuzighani mbele ya wageni na katika sherehe, na kwa kielelezo hicho wengi wakatunga zao. Katika ngonjera na shairi la mapokeo, kipimo ni mizani na vina, si mpangilio wa mapigo. Sauti ya kughania hunyumbuka ikafuata maneno, kwa hivyo mgongano uliotajwa juu ya nyimbo za kanisa haukutokea. Mtunzi mchanga aliyejua mizani nane kwa nane alikuwa tayari ana nusu ya wimbo mkononi mwake.

Kenya: kutoka tamasha hadi mtihani

Nchini Kenya historia hii ilipitia zaidi mashindano. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927 kama shughuli ya walowezi, na baadaye likafunguliwa kwa shule za Waafrika. Kwa muda mrefu nyimbo za kushindania zilichaguliwa kutoka Ulaya, na Mwafrika alipimwa kwa jinsi alivyoziimba. Graham Hyslop, aliyekuwa afisa wa muziki na drama wa serikali ya kikoloni, alijaribu kupanua uwanja huo. Ni muhimu kwa wanafunzi wa fasihi kukumbuka kwamba ndiye pia aliyeandika tamthilia za Kiswahili Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, zilizotoka 1957. Tamthilia ya shule na wimbo wa shule vilikua kwenye kitalu kimoja.

Hyslop alikuwa mmoja wa tume ya watu watano iliyoandaa wimbo wa taifa mwaka wa 1963, pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Kichwa chake chenyewe, Ee Mungu Nguvu Yetu, ukihesabu "Ee" kuwa silabi moja, kina silabi saba na mikazo katika ya pili, ya nne na ya sita: ndicho kipimo kile kilichoonekana hapo juu kukubaliana na Kiswahili. Funzo lililopatikana ni kwamba wimbo wenye uzito wa dola waweza kutoka kwa mama aliye kando ya mto Tana, bila kupitia darasa lolote.

Funzo hilo lilichukua muda kuingia katika mtaala. Tume ya kitaifa ya muziki iliyoteuliwa na rais mwaka wa 1982, chini ya uenyekiti wa Washington Omondi, ilitoa ripoti yake 1984, na mwaka wa 1988 ikaundwa tume ya kudumu ya muziki. Kati ya tarehe hizo, mwaka wa 1985, ulianza mfumo wa 8-4-4 uliotokana na ripoti ya Mackay ya 1981. Mfumo huo ulifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na muziki ukaingia katika mtihani wa shule ya msingi pamoja na sanaa na ufundi. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Kenya aliweza kutahiniwa kwa lugha ya taifa na kwa muziki katika juma moja.

Wala Kenya haikuwa nyuma ya wakati katika jambo hili. Katika Uingereza kwenyewe, walikotoka vipimo na solfa, utunzi wa mwanafunzi ulifanywa nguzo ya mtihani wa jumla wa muziki wa sekondari, pamoja na uimbaji au upigaji na usikilizaji, katika mtihani uliofanywa kwa mara ya kwanza 1988. Wazo kwamba kila mwanafunzi ni mtunzi ni changa hata huko.

Hata hivyo mafanikio ya Kenya hayakudumu bila kupunguzwa. Mapitio ya mtaala ya 2002 yaliuondoa muziki katika masomo yanayotahiniwa shuleni za msingi, na somo lisilotahiniwa halikawii kupokonywa saa zake. Uimbaji ukabaki kuwa kazi ya tamasha. Humo utunzi wa nyimbo mpya uliendelea kushamiri, lakini mara nyingi mada hutolewa na mdhamini, wizara au shirika, na mtunzi huwa mwalimu au mtaalamu aliyeitwa. Mwanafunzi akarudishwa kwenye hatua ya pili. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umerejesha sanaa za ubunifu katika madarasa ya chini na kumtaka mwanafunzi abuni, si kuimba tu.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya mambo matatu yanadhihirika. La kwanza ni kwamba suala la mwanafunzi mtunzi ni la idara ya lugha sawasawa na lilivyo la idara ya muziki. Mwalimu anayempa mtoto sauti iliyoanza kwa pigo hafifu na kumtaka aitie maneno ya mizani nane amempa mtego bila kujua. Akimwanzishia kwa pigo zito, au akimpunguzia silabi moja, mtego huondoka. Maarifa hayo yamo katika fonolojia ya mwaka wa kwanza, ila hayajavuka ukuta uliopo kati ya vyumba viwili vya madarasa.

La pili ni kwamba Kiswahili hakipaswi kuwa kimbilio la kukwepa lugha za toni. Mwanafunzi anayesema Kijaluo au Kikamba nyumbani ana sikio lililozoezwa kupima sauti kuliko mwalimu wake adhanivyo. Akiruhusiwa kutunga kwanza katika lugha hiyo, atagundua mwenyewe kile ambacho Amu alikipigania: kwamba maneno yanapotamkwa huwa yamekwisha kuanza kuimba.

La tatu ni jina. Sontonga anajulikana kwa sababu aliandika solfa na kutia jina lake. Wavulana wa Kamina hawajulikani kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Mama wa Kipokomo hatajulikana kamwe. Kila mwaka nyimbo hutungwa katika madarasa ya Kenya, huimbwa muhula mmoja, na huishia kwenye daftari linalofungiwa maandazi. Idara za lugha, ambazo zimekusanya methali, vitendawili na ngano kwa bidii, hazijaona kwamba huu nao ni ushahidi wa lugha inavyotumiwa na kizazi kinachokua. Wimbo wa mwanafunzi ukiandikwa pamoja na jina lake, shule yake, lugha yake na mwaka wake, hapo ndipo historia iliyoelezwa katika kurasa hizi itakuwa imefika hatua yake ya nne kwa kweli, si kwa maneno ya mtaala pekee.